Tafakari Isiyoanza na Mimi

Asafu, mwimbaji wa zaburi, hakupata usingizi. Zaburi ya 77 inamwonyesha usiku, mkono umenyoshwa, nafsi imekataa kufarijika, na kila anapomkumbuka Mungu anazidi kuugua. Hilo la mwisho ndilo linalonirudisha kwenye zaburi hii mara kwa mara. Tumezoea kuambiana kwamba mtu mwenye shida akimwaza Mungu moyo utatulia. Asafu alimwaza Mungu, akafadhaika zaidi.

Ukiisoma polepole utaona sababu. Katika nusu ya kwanza Mungu anatajwa, lakini habari yenyewe bado ni Asafu: sauti yake, mkono wake, macho yake yaliyokesha, wimbo wake wa zamani. Hata maswali makubwa anayouliza, kama Bwana atamtupa milele, kama amesahau fadhili zake, yanampima Mungu kwa kipimo cha usiku ule mmoja. Kisha katikati ya zaburi anafanya uamuzi. Anasema atayakumbuka matendo ya Bwana na maajabu yake ya kale, ataitafakari kazi yake yote. Tangu hapo zaburi inahama chumbani. Tunaona maji yakiogopa, mawingu yakimwaga mvua, radi, nchi ikitetemeka, njia ya Mungu ikipita baharini na hatua zake zisijulikane. Mstari wa mwisho unasema Mungu aliwaongoza watu wake kama kundi kwa mkono wa Musa na Haruni. Zaburi inaishia hapo. Hatuambiwi kama shida iliondoka wala kama usingizi ulirudi.

Nimeanza na Asafu kwa sababu ninaposikia Wakristo wakizungumza juu ya tafakari, mazungumzo huwa ni ya namna: ukae vipi, dakika ngapi, asubuhi au usiku, ufumbe macho au uyaache wazi. Hayo yana nafasi yake. Lakini Asafu hakubadilisha namna. Alikuwa mtu yuleyule, usiku uleule, akitumia kumbukumbu na mawazo yaleyale. Alichobadilisha ni somo. Mimi naamini sehemu kubwa ya tafakari huamuliwa hapo, kabla hata hujakaa, unapochagua utaweka nini mbele ya moyo wako.

Na hapa lazima niseme wazi jambo linalonisumbua. Masomo mengi ya tafakari yanayoenezwa siku hizi yananihusu mimi: hatima yangu, mlango wangu unaokaribia kufunguka, adui zangu, msimu wangu. Mstari unanyofolewa kwenye sura yake, unageuzwa ahadi ya wiki, na mtu anaurudiarudia hadi aamini kwamba kitu fulani lazima kitokee. Sisemi kwamba Mungu hajali mahitaji yetu. Petro anatuambia tumtwike yeye fadhaa zetu zote, na kumtwika ni kazi ya maombi. Tafakari ina kazi nyingine. Ndani yake moyo unakaa na kitu cha Mungu muda wa kutosha hadi kitu hicho kianze kuutawala. Nikiufanya wasiwasi wangu kuwa somo, basi wasiwasi ndio utakaonitawala, hata kama nimeuzungushia mistari kumi.

Vilevile siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba kutafakari ni kuondoa kila wazo kichwani. Yoshua aliambiwa ayatafakari maneno ya torati mchana na usiku ili aangalie kutenda yaliyoandikwa humo. Mariamu aliyaweka moyoni maneno ya wachungaji, akayafikiri. Mwandishi wa Waebrania anapoona wasomaji wake wamechoka na wako karibu kuzimia mioyoni, anawaambia wamtafakari sana Yeye aliyestahimili upinzani wa wenye dhambi. Kila mara kuna kitu kilichoshikwa: neno, tukio, Nafsi.

Basi tuchague nini? Mahali ninapopenda kumpeleka mtu anayeuliza ni Kutoka 34. Watu wamekwisha kuabudu ndama, mbao za kwanza zimevunjwa, Musa amepanda tena mlimani na mbao mbili mpya, na Mungu anapita mbele yake akilitangaza jina lake mwenyewe: "BWANA, BWANA, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli." Maneno hayo yanatosha kwa wiki nzima, kwa sababu Biblia yenyewe inaendelea kuyatafakari. Katika Hesabu 14, watu wanapokataa kuingia katika nchi ya ahadi baada ya kusikia habari za wapelelezi, Musa anayachukua na kumrudishia Mungu kama hoja ya kuombea msamaha. Zaburi ya 103 inayaimba, kisha inasogea mbele: Mungu anatujua umbo letu, anakumbuka kwamba sisi tu mavumbi. Yoeli anayafanya sababu ya kurarua mioyo badala ya mavazi. Katika Nehemia 9 Walawi wanayatamka wakisimulia uasi wa baba zao. Na Yona, mbele ya Ninawi iliyosamehewa, anayageuza kuwa lalamiko: nilijua wewe ni Mungu mwenye neema na mwingi wa huruma, ndiyo maana nilikimbia.

Chukua siku moja kwa kila mahali. Siku ya Musa utajifunza kuomba. Siku ya Yona huenda ukagundua kuna mtu ambaye hungependa huruma hiyo imfikie, na ukae hapo bila kukimbilia mstari mwingine. Somo ni lile lile, Mungu ni yule yule, na bado kila siku moyo wako unaguswa mahali tofauti. Ndiyo sababu sina hofu kwamba mtu anayemweka Mungu kuwa somo atajisahau mwenyewe kwa namna mbaya. Maisha yako yataingia tu. Yataingia yakiwa yamepata nuru ambayo hayakuwa nayo.

Jambo la pili ni ukubwa wa somo. "Upendo wa Mungu" ni kweli kuu, lakini kwa tafakari ya asubuhi moja ni pana mno. Mtu ataishia kurudia sentensi alizokwisha kuzisikia kwenye mahubiri. Chukua badala yake Marko 10:21. Kijana tajiri amepiga magoti, amejisifu kwamba amezishika amri tangu utoto wake, na Marko anaandika kwamba Yesu akamkazia macho, akampenda. Mathayo na Luka wanalisimulia tukio hilo, lakini neno hilo la kupenda ni Marko peke yake aliyelihifadhi. Sasa tazama linapokaa. Linakuja kabla ya lile agizo gumu la kuuza vyote. Linakuja kwa mtu ambaye dakika chache baadaye ataondoka kwa huzuni. Yesu alimpenda huku akijua, na upendo wake haukulainisha agizo, wala kukataliwa hakukuufanya upendo ule kuwa wa bure. Kutoka kwenye maneno mawili matatu unaweza kuomba kwa muda mrefu: kwa ajili ya agizo unaloliogopa, kwa ajili ya mtu uliyempenda akageuka akaenda zake, kwa ajili ya kule kutazamwa tu. Nimeona kwamba kadiri somo linavyokuwa dogo na wazi, ndivyo linavyofika mbali. Tukio moja, tendo moja, sifa moja ya Mungu, ombi moja. Sura nzima isome kwa kujifunza, wakati mwingine wa siku.

Kwa sababu hiyo maisha ya Yesu ndiyo ghala kuu la masomo, na Kanisa limelijua hilo kwa karne nyingi. Rozari ni mpangilio wa masomo ya tafakari kabla ya kuwa kitu kingine chochote: Matendo ya Furaha, ya Uchungu na ya Utukufu, na tangu mwaka 2002, Papa Yohane Paulo II alipoongeza Matendo ya Mwanga, jumla ni ishirini. Anayetamka Salamu Maria hamsini bila kulitazama lile tendo ameshika kamba na kuuacha mzigo. Njia ya Msalaba nayo ni hivyo, vituo kumi na vinne, kila kimoja somo lililokatwa kwa ukubwa unaowezekana. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, ambaye kwa miaka mingi aliona vigumu kusali bila kitabu mkononi, anasimulia kwamba karibu kila usiku kabla ya kulala alimfikiria kidogo Yesu akisali bustanini Gethsemane, na alikuwa na desturi hiyo hata kabla hajawa mtawa. Tukio moja, miaka kwa miaka. Napenda kulisema hili kwa wale wanaoona aibu kurudia somo, kana kwamba uaminifu kwa Mungu unadai kitu kipya kila kukicha.

Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alikwenda mbali zaidi: katika Mazoezi ya Kiroho, mwongozo wake wa sala, alifanya kurudia kuwa sehemu ya mazoezi yenyewe. Anayetafakari anarudi pale alipofarijiwa sana au alipohisi ukavu na upinzani, na akipata anachokitafuta katika jambo moja atulie hapo, asiwe na haraka ya kusonga mbele. Mtu huyu alijifunza kuchagua masomo akiwa kitandani. Mwaka 1521 alijeruhiwa mguu vitani huko Pamplona, na katika kuuguza jeraha alisoma habari za maisha ya Kristo na za watakatifu, kwa kuwa vitabu vya mashujaa alivyovipenda havikupatikana nyumbani. Mawazo yake yalikuwa mawili yakipokezana. Mara aliwaza jinsi atakavyomtumikia bibi mmoja wa heshima kubwa, mara aliwaza itakuwaje akifanya kama walivyofanya Fransisko na Dominiko. Yote mawili yalimfurahisha alipokuwa ndani yake. Tofauti ilionekana baadaye: wazo la kwanza lilipopita lilimwacha mkavu, la pili lilimwacha na furaha iliyobaki.

Sijui kigezo kizuri kuliko hicho cha kupimia masomo yetu. Usiulize tu kama tafakari ilikuwa tamu ulipokuwa umekaa. Uliza saa tatu baadaye, umekuwa mtu wa namna gani kwa wanaokuzunguka. Kuna masomo yanayowasha moyo kwa dakika ishirini kisha yanakuacha na kiburi, au na hasira juu ya watu fulani. Nina mashaka makubwa na tafakari za namna hiyo, hata zikiwa na mistari ya Biblia mwanzo hadi mwisho.

Ipo pia njia ya kuchagua kwa kutochagua, nami naipenda kuliko zote: kupokea somo ambalo Kanisa limekuwekea. Masomo ya Jumapili katika Kanisa Katoliki yanakwenda kwa mzunguko wa miaka mitatu, mwaka A ukiongozwa na Mathayo, mwaka B na Marko, mwaka C na Luka, na makanisa mengi ya Kiprotestanti yana kalenda ya masomo iliyojengwa kwa mpango unaofanana na huo. Faida yake ni kwamba utaletewa maneno ambayo usingeyachukua mwenyewe. Mtu mwenye furaha atakutana na Kwaresima. Mwenye kuomboleza ataamriwa kuimba Pasaka. Aliyeachwa achague daima atachagua yanayomfanana.

Antonio wa Misri, mtawa wa kale wa jangwani, alipokea hivyo. Athanasius, aliyeandika maisha yake, anaeleza kwamba wazazi wa Antonio walikuwa wamefariki miezi kama sita iliyopita, naye akiwa njiani kwenda kanisani alikuwa akiwaza jinsi mitume walivyoacha vyote wakamfuata Mwokozi. Akaingia, akakuta Injili inasomwa: ukitaka kuwa mkamilifu, enenda ukauze ulivyo navyo. Watu hukumbuka lile somo lililomjia kanisani wakasahau tafakari ya njiani iliyokuwa imeulima udongo. Na wanaofungua Biblia popote na kudondosha kidole hupenda kumtaja Augustino, mwalimu mkuu wa Kanisa la kale, katika bustani ya Milan mwaka 386, aliposikia sauti ikisema chukua usome. Lakini kitabu alichokichukua kilikuwa nyaraka za Paulo, ambazo alikuwa akizisoma tayari, na habari za Antonio zilikuwa zimemchoma muda si mrefu kabla ya hapo. Mungu anaweza kusema kwa njia yoyote apendayo. Kuufanya mstari wa kubahatisha kuwa ratiba yako ya kila siku ni jambo jingine, nami simshauri mtu yeyote.

Sasa masomo mazito: dhambi, kifo, hukumu. Siyakwepi, na simwamini sana mwalimu anayeyakwepa. Zaburi ya 90 inaomba tujulishwe kuzihesabu siku zetu tujipatie moyo wa hekima. Lakini yanahitaji uangalifu ambao mengine hayauhitaji, kwa kuwa yana uwezo wa kumrudisha mtu mahali pale pale Asafu alipokwama. Mwenye dhamiri iliyolala anaweza kukaa na dhambi zake kwa faida kubwa. Mwenye dhamiri iliyojeruhiwa, anayejihukumu kutwa, atazitumia kama fimbo. Hubiri la Martin Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, la mwaka 1519 kuhusu kujiandaa kufa linanisaidia sana hapa. Anashauri kwamba kifo tukifikirie tukiwa wazima, wakati bado kiko mbali. Kikifika karibu tugeuze macho kwenye uzima. Na hata hapo kifo, dhambi na jehanamu visitazamwe vyenyewe, vitazamwe ndani ya Kristo: kifo chako katika kifo chake, dhambi yako juu ya msalaba wake. Kwa maneno mengine, hata somo linalonihusu mimi kuliko yote, dhambi yangu mwenyewe, mahali salama pa kulitazamia ni kwake. Ukiwa umevunjika moyo, au kichwa chako hakikupi raha usiku, acha kabisa orodha ya makosa kwa sasa. Chukua baba wa Luka 15, anayemwona mwanawe angali mbali, akaenda mbio. Tazama kwamba kijana alikuwa ameandaa hotuba, na baba hakumwacha aimalize. Ile sehemu ya kuomba afanywe kama mmoja wa watumishi haikupata nafasi ya kutamkwa.

Mbingu nayo tumeisahau kama somo, tumeiachia mazishi. Richard Baxter, mchungaji katika Uingereza ya karne ya 17, aliugua hadi akadhani anakufa, akaanza kuandika kwa ajili ya nafsi yake juu ya pumziko la watakatifu; maandishi hayo yalitolewa mwaka 1650, na yeye akaishi miaka mingine arobaini na moja. Aliwasihi wasomaji wake waitafakari mbingu kwa makusudi, kwa muda uliotengwa, hadi mapenzi ya moyo yawake. Paulo amekwisha kuagiza: yafikirini yaliyo juu.

Kuhusu viumbe nitasema kidogo tu, maana Bwana mwenyewe alituonyesha njia aliposema tuwaangalie ndege wa angani na tufikirie maua ya mashamba. Zingatia kwamba hakutuacha kwenye ua. Alitufikisha kwa Baba anayelivika.

Zipo siku ambazo hakuna somo linaloshika. Akili imetawanyika, kila mstari ni maneno tu. George Müller, aliyewalea maelfu ya yatima huko Bristol, aliandika kwamba mwaka 1841 alibadilisha utaratibu wake wa asubuhi: badala ya kuanza na maombi huku mawazo yakizurura, alianza na Neno, akisoma na kutafakari mstari baada ya mstari, na mara roho yake ilipopata chakula alijikuta ameingia katika maombi bila kujilazimisha, iwe ni maungamo, shukrani au maombezi. Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, ushauri unaokaribiana na huo mwaka 1535. Alimwambia achukue Amri Kumi, moja moja, na kila amri aisokote kwa nyuzi nne: inanifundisha nini, nishukuru nini, niungame nini, niombe nini. Na akaongeza kwamba katikati ya hayo, Roho Mtakatifu akianza kuhubiri moyoni, mpango wote uachwe, mtu anyamaze asikilize.

Kwa siku kavu kabisa mimi hutumia Sala ya Bwana, ombi moja kwa siku, kwa utaratibu huo wa nyuzi nne. Ukiijaribu utaona jinsi ilivyopangwa. Maombi matatu ya kwanza ni ya kwake: jina lako, ufalme wako, mapenzi yako. Riziki inakuja ya nne. Siku tatu nzima utakuwa umekaa na mambo ya Baba kabla hujafika kwenye mkate, na ukifika, utauomba kwa sauti nyingine. Siku ya kusamehe ipe siku mbili, moja kwa ajili ya deni zako na nyingine kwa ajili ya wadeni wako, na hiyo ya pili uwe na jina la mtu mmoja.